Chumvi ya Mshipi wa Baba

Leo nimefagia nyumba ya mama, Butimba, kando ya ziwa, na nyuma ya mlango nimeukuta mshipi wa baba wa kuvulia samaki ukining'inia kwenye msumari wake.

Baba alifanya kazi Tanga, na siku za mapumziko alivua baharini. Alipokuja kututembelea alikuja na mshipi huo, mgumu kama waya, umeganda chumvi nyeupe. Mishipi yetu ya ziwani ilikauka ikabaki laini, na ukiilamba unapata shombo tu. Baba aliporudi kazini aliuacha. Kila nikitoka shule niliulamba kidogo, kwa uchoyo, chumvi isije ikaisha.

Jioni moja nikaukuta unachuruzika maji.

"Nimeuosha ziwani," mama alisema. "Baba yako alisema chumvi inaharibu mshipi. Akirudi aukute mzima."

Nililia sana, na mama hakujua nalilia nini.

"We mtoto, mshipi si huo hapo?"

Leo nimeushika kwa mikono miwili nikauvuta kwa nguvu zangu zote. Bado ni mzima.