Korongo wa Karatasi Dukani kwa Shizuyo

Shizuyo ni kinyozi wa mtaa wetu hapa Nagano, Japani, na baridi yabisi iliingia vidoleni mwake mwanawe Haruki akiwa darasa la kwanza. Sasa Haruki ana upara. Ugonjwa ule hauponi, na Shizuyo hakuwahi kumdanganya mtu kwamba unapona. Kila asubuhi huchovya mikono kwenye maji moto ya taulo, huikunja na kuikunjua, kisha humwambia mteja ukweli: "Leo vizuri, lala nikunyoe ndevu." Au: "Leo vibaya. Nywele tu, wembe sishiki." Kwa hiyo tulimwachia koo zetu bila wasiwasi.

Lakini mtaa haukosi watu wema. Kwetu yupo Bi Kinuyo, mwenyekiti wa kina mama, ambaye mwaka juzi alipatwa na mafua tu akauguzwa na mtaa mzima. Mkuki kwa nguruwe. Kwa ugonjwa wa mwenzake alikuwa na dawa rahisi.

"Cheka, Mama Haruki. Ugonjwa unamkimbia mtu mwenye furaha."

"Nikicheka mkono unatikisika, na nimeshika wembe kooni mwa mumeo."

Basi Bi Kinuyo akawakusanya wenzake, wakakunja korongo wa karatasi elfu moja, kama wanavyokunjiwa wagonjwa mahututi. Walikuja nao mwezi wa kumi na moja, wakawatundika juu ya kioo, rangi zote, wakapiga picha, wakaenda zao kunywa chai. Sijaona wema wa kipumbavu kama ule. Duka likageuka wodi. Mteja akiingia ananong'ona. Akikaa kitini anaangalia wale korongo, halafu wembe, halafu anakumbuka ana safari. Kabla theluji haijatulia, wanaume wa mtaa walikuwa wananyolewa ng'ambo ya stesheni, na mimi peke yangu nilikuwa naota moto kwenye jiko la Shizuyo.

"Watupe," nilimwambia.

"Sala za watu zinatupwa?"

"Basi utafunga duka."

"Nalijua hilo, kaka. Nitafunga ikifika siku ya kufunga." Alikuwa na hasira, akaificha kwa kunikandamiza taulo la moto usoni.

Januari, siku ya kuchoma mapambo ya mwaka mpya, mtaa mzima ulikuwa umeuzunguka moto uwanjani pa hekalu, kila mmoja na madonge yake ya unga wa mchele kwenye vijiti vya mti, tayari kuyachoma. Shizuyo akaja na korongo wote begani. Akawainamia, kisha akawatupa motoni.

"Mama Haruki!" Bi Kinuyo alishika kifua. "Hizo si sala zetu?"

"Ndizo. Na sala hupelekwa juu kwa moto huu, au nimekosea mila? Dukani kwangu zilikuwa zinafika wapi? Darini?"

Hakukosea. Kila mmoja alikuwa amechoma hirizi zake za mwaka jana humo humo. Shizuyo akachoma donge lake juu ya makaa ya korongo, akalikata, nusu akamnyooshea Bi Kinuyo.

"Kula, dada. Anayekula la moto huu haugui mwaka mzima. Wewe mafua yanakuonea."

Watu walicheka. Bi Kinuyo akala, akitafuna kama anatafuna kandambili, na nilifurahi hadi nikaona haya kidogo.

Asubuhi yake mume wa Bi Kinuyo, Mzee Tokuji, alisukuma mlango wa duka, mashavu yamejaa ndevu. Alitazama juu ya kioo. Palikuwa na ukuta mtupu.

"Vidole vinasemaje leo?" aliuliza kwa sauti ya kawaida.

"Vibaya. Nywele tu. Ndevu labda baada ya chakula cha mchana."

Mzee akavua koti, akavuta kiti karibu na jiko, akafungua gazeti.

"Basi nitangoja," alisema.