Ndoo ya Mama na Daftari la Zimamoto

Jumanne. Upepo wa vumbi tangu asubuhi, mawingu hakuna.

Leo nimewaona watu wa zimamoto wakipima maji kwenye bomba lao karibu na soko, na tangu hapo sijatulia. Nilikumbuka Kibaigwa tulikoishi nikiwa mdogo, mchana mmoja ambao mabomba ya mtaa wetu yalikuwa makavu. Wanaume wawili wa zimamoto, mmoja na daftari mkononi, walifungua bomba lao, maji yakaruka kwa kishindo, yakinuka kutu. Mama akakinga ndoo.

"Mama, subiri, tunapima presha!"

"Mnapima au mnamwaga? Wanangu hawajaoga!"

Mwenye daftari alicheka, nadhani. Sitaki kumsingizia ukali. Kisha akaandika. Mimi nikaamini ameandika jina la mama, na kwamba watakuja kumkamata. Mama alipoiweka ndoo iliyojaa mlangoni na kwenda kuazima nyingine kwa jirani, niliiburuta hadi kwenye bomba nikayamwaga maji yote, ili hesabu yao itimie.

Mama aliporudi, wale watu walikuwa wameshafunga na kuondoka.

"Umefanya nini wewe?"

"Sasa hawatakuchukua."

Alinitazama, akakaa chini. Hakunipiga.

Leo nimemuuliza kijana wao anaandika nini. "Nguvu ya maji, dada. Moto ukitokea tujue bomba lipi linatosha." Basi. Pengine yule wa zamani hata hakumwangalia mama vizuri.

Jioni ile ya Kibaigwa hapakuwa na maji ya ugali. Tulikula karanga za kukaanga, na za kwangu mama alinimenyea.