Loi ya Sabina na Mguu wa Kushoto

Sabina Gilrane alifiwa na mumewe kabla ya baridi. Theluji ilipoyeyuka kwenye vilima vya Leitrim, shemeji yake Festus akaja na maneno yake.

"Shemeji, sikukuu ya Mtakatifu Patriki ikipita bila tuta la viazi, niachie mimi shamba. Ardhi ya kaka yangu haitalala bure."

Lo! Kuliacha shamba ni kurudi kwao ng'ambo ya ziwa mikono mitupu, na Sabina hakuwa mtu wa kurudi. Akachukua loi ya marehemu, koleo la kuchimbia linalokanyagwa kwa mguu: mpini mrefu, ulimi mwembamba wa chuma, kikanyagio kimoja tu. Kikanyagio kilikuwa kulia, na kwao ng'ambo huchimba kwa mguu wa kushoto. Alihangaika wee, tuta likapinda kama mkia wa nguruwe.

Festus akacheka mpaka akashika mbavu. "Mguu wa kushoto, kama wanavyochimba Waprotestanti! Sisi Wakatoliki ni wa kulia. Hivi shemeji, ulibatizwa kweli wewe?"

Hasira zikampanda Sabina. Akaibeba loi begani hadi kwa Colman mhunzi.

"Fundi, nichongee mpini mwingine, kikanyagio kushoto."

"Kushoto? Watasema nimeasi dini."

"Na waseme! Kwani ikiwa ya kushoto haitakuwa loi?"

Colman akajikuna kidevu. "Mama yangu, ambaye Kiingereza hakukijua, aliiita láí kwa lugha yetu. Wa kale waliiita láighe. Maana yake chombo cha kuchimbia, basi, kwisha. Jina lilikuwapo kabla ya mabwana wa kutudai kodi, na halikutaja mguu wa mtu." Akavuta gogo, akaanza kuchonga.

Sabina akarudi shambani na loi yenye mpini mpya, akakanyaga. Bonge la udongo likapinduka, likalala chali. La pili nalo. Alilia kwa furaha peke yake, bila haya.

Festus akaja, akasimama mtaroni, akatazama mabonge yanakoangukia, akapiga hesabu. Yeye hupindulia udongo kushoto, Sabina kulia. Wakilishika tuta moja, kila mtu ubavu wake, mabonge yatakutana katikati na kazi itakwenda mbio. Jambo hilo hakuwahi kulipata kwa mtu yeyote wa huku, kwa kuwa wote huchimba kwa kulia. Akaenda nyumbani kwake, akarudi na loi.

"Shemeji," akasema, macho chini, "tuanzie wapi?"

"Pale ninapotaka mimi," Sabina akajibu. "Shamba ni langu."

"Ni lako," akasema Festus, akavua koti.