Fundi Anayeshusha Gari Ndipo Akaze Bolti

Saa mbili asubuhi, gereji nzima imenyamaza. Redio imezimwa, spana zimewekwa chini, na mafundi wamesogea getini wametega masikio. Anayesubiriwa si mkubwa yeyote. Ni muuza mayai na gari lake kuukuu, lenye umri unaomzidi binti yake wa kwanza na rangi ambayo hata mwenyewe hana hakika nayo.

Aliyesogea karibu na geti kuliko wote ni mwanamke wa miaka arobaini na moja, amevaa ovaroli la buluu. Hapa wanamwita Shangazi, ingawa hakuna hata mmoja mwenye udugu naye. Miezi sita iliyopita alilitengeneza gari hili kwa mara ya tatu. Mara mbili za mwanzo kazi yake haikudumu hata miezi mitatu, na leo linarudi kukaguliwa.

"Nilimwambia waziwazi," anasema fundi mkuu, mzee mwenye miwani iliyofungwa waya, ambaye wote humwita Baba Grisi. "Likirudi linagonga tena, rudi kwenye viti vyako. Sikuwa na kinyongo naye, ila jina la gereji lilikuwa linachafuka."

Viti hivyo ndivyo vilivyomlisha kwa miaka tisa. Shangazi alikuwa akishona viti vya magari kwenye kibanda kilichopo pembeni mwa uwanja huuhuu. Wateja walikuja kuchukua viti vipya huku wakilalamika kwamba gari bado linagonga chini, naye akaanza kuchungulia. Akashika tochi, kisha spana.

"Siku ya kwanza kuingia uvunguni nilitoka na grisi mpaka kwenye nyusi," anakumbuka huku akicheka. "Dada yangu akaniuliza nimepigana na nani. Lakini moyoni nilishajua, mimi na sindano basi."

Muuza mayai ndiye aliyekuwa mteja wake wa kwanza. Gari lake lilikuwa hoi. Shokapu zilivuja mafuta, na bushi, zile raba zinazokaa kati ya chuma na chuma kwenye mikono inayoshika tairi, zilikuwa zimepasuka. Shangazi akabadilisha zote, gari likaondoka limetulia kama jipya. Baada ya wiki chache likarudi linagonga. Bushi mpya zimechanika.

Akanunua nyingine za bei ya juu, kwa pesa yake mwenyewe. Nazo zikachanika.

"Kila mtu aliniambia, 'Shangazi, hizo ni spea feki.' Nikaenda kumvaa mwenye duka, naye akaniapia kwa watoto wake. Nikakosa wa kumlaumu," anasema. "Nililia, sikufichi."

Muuza mayai naye hakuwa na hali. "Nilishamchoka," anakiri. "Nilimwambia, mwenzangu, mayai yanatoka nyumbani mazima yanafika sokoni uji! Lakini nilipomwona anavyoikodolea macho ile raba, nikamwachia funguo tena. Sijui kwa nini."

Raba yenyewe ilikuwa na jambo la kushangaza. Haikuisha kwa kusagika. Ilikuwa imesokoteka, kama nguo iliyokamuliwa ikaachwa hivyohivyo. Mshonaji aliyekuwa bado hajamtoka Shangazi akaamka.

"Kitambaa cha kiti ukikishona kabla hujatia sponji, kinapendeza," anaeleza. "Subiri mtu akalie sasa. Mshono unaachia. Nikajiuliza, je, hii bushi nayo naifunga kabla gari halijaikalia?"

Akatia bushi mpya na kuchora mstari wa chaki uliopita juu ya chuma na raba. Akakaza bolti gari likiwa juu ya jeki, kama wote walivyozoea kufanya hapa, kisha akalishusha. Mstari ukakatika. Chaki ya kwenye chuma ilielekea huku, ya kwenye raba kule. Bushi ilikuwa imeshakamuliwa kabla gari halijatoka hata getini.

Basi akalegeza kila kitu na kufanya kinyume. Aliweka mbao nene chini ya tairi zote ili apate nafasi ya kupenya, akalishusha gari likakaa kwa uzito wake wote, akajibana uvunguni na kukaza bolti humo. Wenzake nusura wavunjike mbavu. Magari hupandishwa ili yafungwe, wakamwambia, na yeye analishusha! Baba Grisi hakucheka. Alitikisa kichwa akaenda zake kunywa chai.

Honi inalia. Muuza mayai anaingia, na mbele yake kuna mtaro wa getini, mahali ambapo kila gari bovu hujisema lenyewe. Tairi za mbele zinazama, zinapanda. Kimya. Za nyuma zinazama, zinapanda. Hakuna ko, hakuna kwi.

"Nimebeba trei kumi na mbili!" muuza mayai anapaza sauti dirishani. "Halijapasuka hata moja!"

Baba Grisi haamini masikio yake. Anaagiza gari lipandishwe, anaingia chini na tochi na mtaimbo, anasukuma huku, anachokonoa kule. Anakaa humo mpaka Shangazi anaanza kutafuna kucha. Anapotoka, anavua miwani.

"Nzima," anasema. "Raba nzima kabisa."

Kelele zinazolipuka zinawatoa majirani nje. Shangazi anakumbatiwa, anarushwa juu, na muuza mayai anapiga vigelegele. Ni furaha tupu, na hakuna anayeona haya kuionyesha.

Baba Grisi peke yake anaelekea kwenye gari jeupe alilokuwa akilimalizia tangu alfajiri, bado liko juu ya jeki, bolti zote zimekazwa. Analitazama, anashusha pumzi, anachukua spana na kuanza kulegeza.

"Miaka thelathini," anasema huku akijicheka mwenyewe. "Miaka thelathini nawatukana wauza spea bure!"

Kuanzia leo kazi zote za chini ya gari ziko mikononi mwa Shangazi. Ana mpango wa kuchimba shimo la kufanyia kazi, ili asiendelee kujibana kama panya, na baadaye kufungua gereji yake ya shokapu na bushi tu. Lakini anapoulizwa anachokitamani zaidi, hataji gereji.

"Wateja wakiingia wananipita," anasema. "Wananiuliza mimi, 'Fundi yuko wapi?' Natamani hilo liishe."

Hajamaliza kusema, gari la kijani linaingia likigonga kila tairi inapozama mtaroni. Dereva anampita Shangazi na kwenda moja kwa moja kwa mzee mwenye miwani.

"Fundi, shikamoo. Gari langu linagonga mbele."

"Marahaba," anaitikia Baba Grisi bila kuinua kichwa. "Umempita fundi hapo getini. Rudi ukamwamkie."