Mbuzi wa Mbwa wa Bwana Shauri

Kazi ya kumpikia mbwa niliianzia Korogwe, mlangoni mwa jiko la meneja wa shamba la mkonge. Nilikwenda kuomba upishi. Meneja akanitazama juu hadi chini, akasema, "Mpishi ninaye. Mbwa wangu ndiye hana." Akataja mshahara. Nikaomba auongeze, kwa kuwa mbwa hatoi bakshishi. Akacheka, akaongeza kidogo, nami nikaingia.

Mbwa yule alijikuna hadi ngozi ikatoka usaha. Ninyi mnasema mzio. Sisi tulisema chakula kimemkataa. Bwana mifugo, daktari wa wanyama, ndiye aliyenifundisha: mpe nyama ya aina moja ambayo hajawahi kuila, na wanga wa aina moja, basi. Huyu alizoea ng'ombe na ugali, kwa hiyo akapewa mbuzi na muhogo. Nyama huchemshwa bila chumvi wala kitunguu, mafuta yakaenguliwa. Sufuria na mwiko wake havichangiwi. Akipata nafuu, unaongeza kitu kimoja, unangoja, unamtazama masikio na nyayo. Akianza kujikuna, umemkamata mwizi. Mwizi wake alikuwa ng'ombe.

Meneja aliporudi kwao, mimi na mbwa, sote wawili, tulirithiwa na Bwana Shauri wa Handeni, mkubwa wa serikali pale. Huko ndiko njaa ilikotukuta. Mahindi yalikauka shambani, watu wakachimba mizizi ya porini, ile ya kulowekwa siku nyingi mpaka sumu itoke. Mbwa hakukosa mbuzi.

Mama yangu alikuwa kijijini Mkata, amebaki mifupa. Nikamwendea Bwana Shauri.

"Bwana, mbwa hali kichwa, miguu wala matumbo."

"Chukua."

"Na paja moja?"

"Paja ni la mbwa."

Nikashuka hadi ubavu mmoja. Akakataa. Nikafunga nilichopata, nikaenda Mkata.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nyama ya nani hiyo?"

"Yako, Mama."

"Kabla ya kuwa yangu?"

"Ilikuwa ya mbuzi."

Hakucheka. "Mbuzi alichinjiwa nani?"

"Nimemchinja mwenyewe, kwa bismillahi. Mbwa hajaigusa. Kamuulize mwalimu wa chuoni, ni halali."

"Sijasema haramu, mwanangu. Nasema mbwa kachagua kwanza. Wewe umeajiriwa kula baada yake. Mimi sijaajiriwa."

"Basi niibadilishe kwa unga?"

"Utaniletea unga wa mbwa."

Tulivutana mpaka sauti ikanikauka. Nimewashusha bei Wahindi na Waarabu. Mwanamke yule sikumshusha hata kidogo. Aliwaita watoto wa jirani, wakaitafuna nyama na mifupa yake, naye akarudi kwenye mizizi yake. Mvua ilinyesha baada ya matanga yake.

Mbwa alinawiri, manyoya yakang'aa. Bwana Shauri alinipa mkono mbele ya wageni wake. Nikaendelea na kazi, kwa wakubwa wengine na mbwa wengine, hadi nikastaafu, maana ufundi mwingine sikuwa nao.

Wenye mbwa wakija kuniuliza, nawaambia: nyama moja, wanga mmoja, subira. Mbwa hupona, hilo halina ubishi. Wakishaondoka, mimi hufikiri ningempelekea Mama kitu gani akakubali. Nimevihesabu vyote vilivyokuwa mikononi mwangu, nikarudia kuvihesabu, hadi mshahara. Vyote vilikuwa vya mbwa.