Mama Mito na reli anayoipigania

Treni imesimama tena katikati ya mashamba, injini ikinguruma bila kwenda popote. Ndani ya behewa la tatu, mwanamke mwenye sare ya buluu iliyopauka anapita kati ya viti, kabana mito miwili kwapani. Anamwinamia mzee aliyejikunja kwa maumivu ya mgongo.

"Inuka kidogo, baba. Hivyo hivyo. Sasa umekaa kama mfalme."

"Mwanangu, tunangoja nini?"

"Treni ya mizigo ipite. Reli ni moja, na saruji haina adabu, haimpishi mtu mzima."

Mzee anacheka, kisha anashika kiuno.

Abiria humwita Mama Mito. Ni mhudumu wa behewa. Mito hiyo huishona mwenyewe kwa mapazia ya treni yaliyochakaa, kwa kuwa wengi anaowahudumia ni wagonjwa wanaokwenda hospitali ya rufaa, mwisho wa reli. Safari ni ya saa kumi na moja, mambo yakienda sawa. Mara nyingi hayaendi.

Siku hizi mwanamke huyu, ambaye kipaza sauti pekee alichokizoea ni cha kutangazia vituo, ndiye msemaji wa abiria wanaoitaka serikali igharamie reli ya mwendo kasi. Hakuanza kwa siasa. Alianza kwa sababu ya mtoto mmoja wa kike.

"Alikuwa na miaka sita, jicho limevimba, kaegemea kifua cha baba yake," anasimulia. "Akaniuliza, 'Shangazi, daktari atatungoja?' Nikamwambia atatungoja. Nilisema tu, ili atulie."

Siku hiyo treni ilipisha mizigo mara tatu. Walipofika, daktari bingwa wa macho, anayekuja mara moja kwa wiki, alikuwa ameshaondoka. Baba na mwana walilala kwenye veranda ya hospitali hadi juma lililofuata. Jicho la kushoto halikuokoka.

Mama Mito alikutana nao wakirudi. Mtoto, bandeji usoni, ndiye aliyembembeleza yeye: "Usilie, shangazi. Hili lingine linaona."

Anaposimulia hapo, anageukia dirisha.

Mtu wa kwanza aliyemweleza uamuzi wake wa kwenda kuidai reli mpya alikuwa mumewe, mwokaji mikate katika mji huo wa hospitali. Mama Mito mwenyewe huishi mwanzo wa reli, akimtunza mama mkwe. Hukutana treni inapolala katika mji wa hospitali, naye mume kwa kawaida yuko zamu tanurini.

"Tumeoana miaka kumi na tisa," anasema, "lakini ukijumlisha siku za kukaa pamoja, sisi bado maharusi."

Mumewe alimsikiliza huku akifuta unga mikononi. "Nenda ukaseme," akamwambia. "Usipopata reli, angalau utakuwa umetua mzigo moyoni."

Kazini hawakuwa na moyo huo. "Usitukane wakunga na uzazi ungalipo," walimwonya. Hata hivyo alichukua likizo, akapiga pasi gauni lake la harusini, akaenda kwenye kikao cha wabunge cha kupokea maoni kuhusu bajeti.

Alisimulia habari za mtoto yule. Mbunge mmoja, kwa upole, akamuuliza, "Mama, treni ya kufika kwa saa tatu badala ya kumi na moja ni ghali mno. Hamuwezi kuvuta subira kidogo?"

"Mheshimiwa, subira huvuta heri, lakini haivuti mabehewa," alijibu. "Mwenye nacho akiugua hupanda ndege. Barabara mmejenga kwa kodi zetu, na hakuna aliyeuliza kama zitaleta faida. Na sisi tujengeeni njia ya kufika tukiwa wazima."

Watu walipiga makofi. Yeye anasema hakuyasikia. Alikuwa akitafuta kiti chake kilipo.

Kamati ilipendekeza fedha za kupima njia na kuchora ramani za kipande cha kwanza. Za ujenzi bado. Wenzake kazini, walewale waliomwonya, sasa humwuliza kila asubuhi kama kuna jipya.

Bajeti ijayo atarudi kuomba fedha za ujenzi, safari hii akiwa na abiria kutoka kila kituo. Baba wa yule mtoto amekubali kusema kwa kinywa chake mwenyewe.

Na reli hiyo ikijengwa? Mama Mito anatabasamu, mkono ukilainisha foronya.

"Nitapanda kama abiria. Nitoke kwangu asubuhi, nile chakula cha mchana na mume wangu, tugombane, tupatane, nirudi kabla mama mkwe hajafunga mlango." Anacheka peke yake. "Maana mpaka leo, kila tukianza kugombana, treni inaondoka."