Alama Tatu za Undugu

Ni mimi niliyesema. Neno hilo nimelikana kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano. Nililikana mbele ya jirani yetu fundi wa kushona, nikalikana mbele ya nyanya, na baadaye, nilipokwisha kusoma chuo kikuu na kuwa mwandishi wa insha anayewahimiza wengine waseme kweli, nikalikana hata nikiwa peke yangu. Leo nakuambia wewe, kwa sababu fundi amekwisha kufa, nyanya amekwisha kufa, na wewe huna la kunifanya.

Kilichonifungua mdomo ni filamu. Mwaka jana nilirudi Gisenyi, mji wetu wa mpakani na Goma, kwa arusi, nikamkuta mtoto wa kaka yangu amejilaza mkekani na simu yake, akitazama filamu ya zamani ya vyombo vya angani. Niliusikia muziki kabla sijaona picha, nikautambua. Ilikuwa filamu yetu. Nikaketi kando yake, nikaitazama hadi mwisho, na mwisho wenyewe ndio ulionivuruga, maana utotoni sikuwahi kuufikia.

Mwishoni mwa miaka ya tisini ukumbi wetu wa video ulikuwa chumba cha mabati nyuma ya duka la sabuni. Kulikuwa na mabenchi sita, televisheni moja, na jenereta uani iliyotutilia harufu ya petroli katika nywele hadi Jumatano. Jumapili, Wakatoliki wakishatoka misa na sisi tukishaswali adhuhuri, tulijazana humo na sambaza, vile vidagaa vya ziwani, za kukaanga kwenye karatasi, vidole vikinuka ziwa. Filamu ilianza saa tisa. Lakini milimani hapakuwa na usalama miaka ile, na kila mtu alitakiwa kuwa kwake kabla ya giza. Saa kumi na moja na nusu mwenye ukumbi alizima jenereta, filamu iwe imefika wapi au wapi, akatufukuza kama kuku.

Ingekuwa filamu ya kawaida tungeimaliza. Ila yetu ilikuwa na mtafsiri, kijana aliyerudi na wazazi wake kutoka Uganda, ambaye alijua Kiingereza, au alituambia anakijua. Alisimama kando ya televisheni na kijiti, na kila jambo lilipomgusa aliisimamisha kanda ili alifafanue. Mambo mengi yalimgusa. Kanda ile ilirudi kila baada ya wiki tatu hivi, na kila ilipoanzwa upya alipata jambo jipya la kufafanua, kwa hiyo badala ya kusonga mbele tulikuwa tunarudi nyuma.

Filamu yenyewe ilimhusu msichana mrusha chombo aliyewindwa na malkia wa dunia ya moto. Malkia alijifunika shela nyeupe na uso wake haukuonekana. Marehemu nao walikuwemo: walisimama mlangoni mwa chombo, migongo ikituelekea, hawageuki kamwe. Mtafsiri alituambia kwamba malkia na msichana ni damu moja. Alipoulizwa amejuaje, alijibu kwamba watu wasio ndugu hawawezi kuchukiana kwa muda mrefu namna hiyo, wangechoka. Sisi tuliozaliwa mjini kwetu tuliona hoja hiyo haipingiki. Kisha akatupa elimu niliyoibeba kuliko yoyote niliyopewa shuleni: undugu una alama tatu, sikio, mgongo, na namna mtu anavyonyamaza.

Kwa kuwa hatukuuona mwisho, tuliujenga wenyewe. Wiki nzima tulijadiliana, tukichota maji, tukimenya viazi, tukipanga foleni ya mkaa. Je, mizimu huwezaje kusafiri angani? Nyanya, aliyekuwa Mwislamu wa sala tano na bado alijua ya kale, alitukumbusha kwamba wazee walisema wafu wabaya hukaa katika volkano ya Nyiragongo na wazuri hukaa mlima Karisimbi. Basi tukaamua kwamba dunia ya moto ni Nyiragongo tu, iliyopigwa picha kwa karibu. Na shela nyeupe ilimaanisha nini? Kwetu nyeupe ilikuwa sanda, kwa hiyo malkia alikuwa amekufa tayari. Rafiki yangu, msichana wa fundi, alisema nyeupe ni ya komunyo ya kwanza, kwa hiyo malkia alikuwa mtoto.

"We unaona kifo kila mahali," aliniambia.

"Na we unaona keki."

"Keki iko muzuri kuliko kifo."

Huyo msichana wa fundi hakuwa mtoto wa fundi. Fundi, mwanamke asiye na mume wala mtoto, alimwokota mpakani siku zile watu walipokuwa wakirudi kwa maelfu kutoka kambi za wakimbizi za Goma. Alikuwa na umri wa miaka sita hivi, hajui jina la baba wala la kilima chao. Fundi alimlaza chini ya meza ya cherehani kwa usiku mmoja, na usiku huo ukawa miaka miwili. Alimfundisha kutia uzi kwenye sindano, akamshonea magauni kutoka vipande vya vitenge vya wateja, hivi kwamba ungeweza kumtazama rafiki yangu ukajua nani mtaani ameshona nguo mpya.

Miaka ile watu wengi walikuwa wanatafuta watu. Mmoja wao alikuwa mama aliyeshuka na viazi kutoka Mudende kila siku ya soko. Alikuwa amempoteza binti njiani, katika msafara huohuo, na alikuwa na tabia ya kukupa viazi huku akikuchunguza uso. Tulimzoea. Alipomaliza kukuchunguza, alifunga macho kidogo, kisha akamwita mteja wa pili.

Sasa sikiliza nilichofanya. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na elimu ya alama tatu ilikuwa inanichoma mfukoni. Tulitumwa viazi, mimi na rafiki yangu. Nikamtazama yule mama, nikamtazama rafiki yangu, na kwa sauti ya mtafsiri kabisa, nusura nishike na kijiti, nikasema:

"Mama, angalia masikio ya huyu. Si ni ya kwako?"

Rafiki yangu akacheka. "Sinema imekuharibu kichwa, we."

Yule mama hakucheka. Aliweka kikapu chini, akayashika yale masikio kwa vidole viwili viwili, akanyamaza. Rafiki yangu naye akanyamaza. Nikaona wananyamaza sawasawa, nami nikafurahi sana, kama mwanafunzi aliyepata hesabu yote.

Wiki iliyofuata yule mama alikuja kwa fundi, akiwa na shemeji yake, kiongozi wa mtaa, na watu wawili wa shirika la kuunganisha watoto na familia zao. Waliuliza maswali yao, wakaandika. Shemeji alikubali kwamba masikio ni yaleyale. Jirani mmoja akasema hata mgongo. Kila aliyeingia alikuta wengine wameshaiona sura, naye akaiona. Mimi nilikuwa dirishani kwa nje, nikitazama elimu yangu ikitembea mtaani bila mimi, na nisijue inasimamishwaje. Fundi alikuwa amewasha pasi ya mkaa na ananyoosha gauni la Jumapili la mtoto, upande huu, kisha upande ule, kisha upande huu tena.

Wakamwuliza rafiki yangu, "Unamjua huyu mama?"

Alimtazama fundi. Akatutazama sote, mmoja mmoja, hata mimi dirishani. Kisha akasema ndiyo.

Rafiki yangu alipoondoka na yule mama, cherehani ya fundi ilinyamaza siku nne. Siku ya tano aliniita.

"Ni nani alisema kwa ule mama?" akauliza. "Alikuwa anapita hapa muda wote, hajaona kitu. Ni nani alimuonyesha?"

"Si mimi, mama fundi."

"Bon, haya," akasema, akanipa vitambaa nichague vya kuchezea, kwa kuwa mwenye kuvivaa hakuwapo tena. Nilivipokea. Nyanya aliniuliza jioni ile, nikamjibu vilevile, akasema msemo wake kwamba uongo wa mtoto una miguu mifupi. Wangu ulinifikisha hadi chuo kikuu.

Kama mwezi mmoja baadaye alipita kwa fundi mzee kutoka Nyakiriba, na viatu vya mpira vyenye tope. Mimi nilikuwa pale nikiokota vifungo sakafuni. Alimtafuta mjukuu wake, msichana, mtoto wa marehemu binti yake. Alikuwa amesikia kwamba fundi anaishi na mtoto wa njiani. Kabla hajamaliza kueleza, fundi alimwambia, yule alishapatikana na mama yake mwenyewe. Mzee akasema Mungu ashukuriwe kwa hao waliopata. Akaomba maji, akanywa, akashukuru, akaenda zake. Fundi alibaki ameshika kile kikombe, na mimi nikabaki na vifungo mkononi. Ningeweza kumkimbilia. Lakini ningemwambia nini, kwamba nimekosea masikio?

Ukumbi ule sasa ni duka la simu, na saa kumi na moja na nusu siku hizi ndiyo kwanza vijana wanatoka kwenda ufukweni. Hakuna anayesimamisha filamu ili amweleze mwenzake. Kila mtu anatazama yake, na anaifikisha mwisho. Hivyo ndivyo nilivyomwona malkia akiivua shela, kwenye simu ya mtoto wa kaka yangu, na kumwambia yule msichana wazi kabisa kwamba hawana undugu wowote, hawajawahi kuwa nao. Kiingereza changu sasa kinatosha kumwelewa. Mtafsiri alijitungia yote.

"Shangazi, unalia? Hii iko ya watoto," mtoto akaniambia.

Ilinichukua miezi mitatu kuitafuta nambari ya rafiki yangu, na wiki mbili kuthubutu kuipiga. Wanawake wanaovuka mpaka kila siku walinisaidia: aliolewa Goma, anauza vitambaa. Sauti ilikuwa nzito, lakini kicheko kilikuwa kilekile. Tulizungumza kuhusu bei ya vitenge, kuhusu watoto wake, kuhusu kifo cha fundi. Hatimaye nikamwambia kwamba ni mimi niliyesema yale maneno ya masikio.

"Najua," akasema. "Si nilikuwa pale?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Miaka yote ile nilikana mbele ya watu wote isipokuwa shahidi.

"Basi alikuwa mama yako?"

"Hapana, dada. Binti yake alipatikana Masisi, miaka mbili baada ya mi kufika kwake. Alikuja nyumbani, akakuta niko nalala ku kitanda yake. Hatukufanana hata kidogo. Mama alilia, akasema hawezi kunirudisha kama kikapu. Alinilea muzuri, siwezi kusema kitu. Lakini mi nilijua tangu siku ya kwanza. Mama yangu nilimuona akikufa."

"Kwa nini ulisema ndiyo?"

"Fundi alikuwa ananyoosha gauni yangu. Nilifikiri amechoka na mi. Nikaangalia watu wote, nione kama kuna mutu mumoja atasema hapana."

Nilimsikia akimwambia mteja angoje kidogo. Kisha akarudi kwenye simu.

"Nikuulize kitu. Baada ya mi kuenda, kuna mutu alikuja kunitafuta kwa fundi?"

Ningeweza kusema hapana. Nina uzoefu.

"Alikuja mzee," nikasema. "Wa Nyakiriba. Alisema anamtafuta mtoto wa binti yake."

Nilisikia mkasi ukiwekwa mezani.

"Aliitwa nani?"

Hatukumwuliza.